Ua Mkononi mwa Mama

Wiki iliyopita binamu yangu alipanda mlimani kule Busi kumtafuta mbuzi, akanitumia picha kwa simu. Mbuzi hakumpata. Alichokipiga picha ni ua jekundu la mviringo, limesimama juu ya shina tupu lisilo na jani, na udongo pembeni yake bado umelowa mvua ya kwanza. Chini akaandika, "Dada, haya bado yapo." Nilikuwa jikoni kwangu hapa Makole, nakaanga vitunguu. Niliitazama ile picha hadi vitunguu vikaungua, kisha nikazima jiko na kwenda sebuleni kumtazama mama ukutani.

Ngoja nianzie mbali kidogo, ndipo utanielewa.

Mimi nimelelewa na bibi mzaa baba, hukohuko Busi, katika nyumba ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda mlima. Asubuhi tuliamshwa na sauti ya bibi akipepeta ulezi kwenye ungo, na harufu ya moshi ikiingia hadi kitandani. Ukishakunywa uji, ulikuwa na mawili tu: maji au mbuzi. Mimi nilichagua mbuzi kila nilipoweza, kwa sababu mbuzi hupanda mlimani, na mlimani ndiko yalikokuwa maua.

Mengi hatukuyajua majina, tukayapa ya kwetu. Mawili ndiyo yaliyotawala. Kulikuwa na ua la mavuno, la mviringo, la rangi ya chungwa, ambalo lilichanua mtama ukiwa umekomaa na kuendelea hadi baada ya mavuno. Hilo tulilipenda kwa tumbo. Tulichomoa vimirija vyake kimoja kimoja na kufyonza utamu, tukigombana na ndege wadogo waliofuata kitu kilekile. Na kulikuwa na ua la mvua, la mviringo pia ila jekundu, lililotokeza ardhini mara tu mvua ya kwanza iliponyesha, halafu baada ya siku chache likanyauka. Hilo halikulika. Bibi alituambia kiazi chake ni sumu, na hata mbuzi, ambao walikuwa wakila nguo zetu kwenye kamba, walilipita.

Sasa nije kwa mama. Mama alitoka Gulwe, kwenye reli, ambako baba alikuwa kibarua wa njia. Baba alimwoa, akamleta Busi baada ya mavuno, akarudi kazini. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, watu wakiwa mashambani kuamia ndege wasimalize mtama. Kabla ya arobaini yangu mama alifariki. Kwa hiyo aliishi Busi msimu mmoja tu wa mvua, na mimi sina ninachokikumbuka kwake, hata kivuli.

Kilichobaki ni picha moja, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu yenye kioo na mkanda wa karatasi ngumu kuzunguka kingo. Mpiga picha mmoja alipita kijijini na baiskeli siku baba hayupo. Mama amesimama mbele ya ukuta wa bibi, anaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, anacheka kidogo kama mtu aliyeambiwa asicheke. Mkononi, karibu na kidevu, ameshika ua la mviringo. Rangi hakuna, ni kijivu tu.

Rafiki yangu wa darasa la tatu alikuwa na picha amekaa mapajani kwa mama yake, na aliileta shuleni karibu kila Jumatatu. Mimi nikarudi nyumbani, nikamuuliza bibi, mimi niko wapi kwenye picha ya mama? Bibi alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. "Hukuwapo, mjukuu wangu. Hapo alikuwa bibi harusi." Nilikula ugali na mlenda wangu, lakini jibu lile lilinichoma. Nilitaka niwe nimo. Ni upuuzi wa kitoto, najua, ila sijawahi kuutaka mwingine kwa nguvu kama huo.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi ambaye watoto walimwita Bwana Majani. Alikuwa na kitabu kikubwa cha maua ya milimani, kimepoteza jalada, picha zake nyingi hazina rangi. Jumamosi alitupeleka mlimani, kila mmoja anachuma ua moja, kisha tunakaa juu ya mawe kulitafuta kitabuni huku tukitafuna karanga. Alikuwa na sheria moja, na aliirudia hadi tukaiota. "Anza na shina. Kisha jani. Ua liwe la mwisho, maana ua ndilo linalokubabaisha." Shina la ua la mavuno lina pembe nne, ukilizungusha vidoleni unazisikia, na hupenya katikati ya bonge moja la maua kwenda kubeba jingine. Shina la ua la mvua ni nene, laini, lina madoadoa chini, na huishia palepale ua lilipo.

Nadhani umeshaona nilikokuwa naelekea. Nilimwomba mwalimu aje nyumbani aitambue picha. Kama ua la mama ni la mvua, basi lilichumwa msimu ule mmoja tu, na mimi nilikuwa tayari nimo tumboni. Kama ni la mavuno, basi lilichumwa alipofika tu, na bibi yuko sahihi.

Mwalimu alikuja na kitabu kwapani. Bibi alimkaribisha, akampa kigoda na maziwa ya mgando, lakini fremu alikataa isishushwe. Ilikuwa picha pekee, na kioo kikivunjika nani angemletea nyingine? Mwalimu akapanda juu ya kigoda, akaichungulia picha katika mwanga hafifu wa chumba chenye dirisha moja dogo. Shina halikuonekana, mkanda wa fremu ulikuwa umelifunika pamoja na nusu ya ngumi ya mama. Akalinganisha ua na picha ya kitabuni, akalinganisha tena, akashuka taratibu. "Ni la mavuno, mwanangu," alisema, na akanishika kichwa. Nilimsindikiza hadi njia panda kwa adabu zote, kisha nikaenda kulia zizini.

Bibi alipofariki, fremu ilikuja kwangu. Nimeipangusa vumbi miaka yote hii bila kuifungua. Mkono wa bibi ulikuwa bado juu yake, sijui nikuelezeje vizuri zaidi.

Siku ile vitunguu vilipoungua niliifungua. Nilikunjua vijimisumari kwa kisu cha mezani, nikautoa mkanda, na picha ikawa ndefu kwa upana wa vidole viwili. Ngumi nzima ikatokea. Chini ya ngumi kulikuwa na kipande cha shina.

Sikutaka kujiamini. Mwalimu amestaafu, anaishi hapahapa Makole, mtaa wa pili kutoka kwangu, macho yamepungua lakini kitabu bado kipo. Nikamkuta barazani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na majani gani leo?"

Picha ya mama nilikuwa nimeipiga kwa simu; nikaikuza, nikamsogezea. Hakuuliza ni ya nani. Aliangalia shina muda mrefu, akafungua kitabu kwenye ukurasa niliokuwa nikiufahamu, akaangalia shina tena. Lilikuwa nene, laini, na lina madoadoa.

"La mvua," alisema. Akavua miwani. "Siku ile nilianza na ua. Mimi niliyewaimbisha muanze na shina." Safari hii ikabidi mimi ndiye nimshike bega.

Binamu ananiambia mlima siku hizi si ule. Wamelima hadi kwenye mawe tuliyokuwa tukikalia, nyumba ya bibi imeanguka, na lile ua alilolipiga picha lilikuwa peke yake mpakani mwa shamba la mtu. Mbuzi wenyewe wamebaki wachache, ndiyo maana mmoja akipotea anatafutwa siku nzima. Ninachokililia zaidi ni kwamba bibi hayupo nimwambie. Angekataa kwanza, kisha angecheka, kisha angedai alijua tangu zamani.

Picha nimeirudisha ukutani bila mkanda. Jana alikuja jirani, akaisogelea, akauliza ni akina nani. Pengine ulimi ulimteleza tu, maana mtu anayeonekana pale ni mmoja. Nikamjibu, "Ni mama na mimi." Akaitazama tena kwa makini, akinitafuta, nami nikaenda kumtengenezea chai.