Posa Yangu na Damu ya Seyyid

Baba yangu anafunga mizigo kwenye ghala kule Jordbro, hapa Uswidi, lakini ukimwuliza yeye ni nani, atakwambia ni kilembwe wa Sultani wa Unguja. Tumekua na hadithi hiyo: Seyyid na kasri lake, na watoto wake chungu nzima, mmoja wao ndiye chimbuko letu. Wadogo zangu walimjibu kwa Kiswidi kwamba basi atununulie kasri. Alinuna wiki nzima.

Mimi sikuwa na ugomvi na Seyyid mpaka nilipopata mchumba. Muislamu, ana adabu zake, anaendesha basi. Kosa lake ni kwamba kwao Burundi. Baba akasema si kufu yetu, nasaba hazilingani. Nilipandwa na hasira. Nampenda yule mwanamume, na sitaki kuolewa baba yangu amenuna.

Ami wawili wa mchumba wangu walikuja kuposa hata hivyo, kutoka Hallonbergen. Nyumba yetu ya Vårby gård ni ndogo, kwa hiyo nilikaa jikoni na kaimati zangu huku nasikia kila neno. Baba hakukataa moja kwa moja. Alianza na Seyyid. Wageni wakanywa chai, "ndiyo mzee, ndiyo mzee," nami nikaona posa yangu inazama hivi hivi.

Ndipo Bibi, mama yake baba, akaweka kikombe chini.

"Huyo Seyyid ni wa upande wangu, mwanangu, si wa baba yako. Basi na mimi niseme. Bibi yangu alikuwa binti wa Seyyid, kweli. Lakini mama yake alikuwa suria. Alitekwa mdogo, akaletwa pwani kutoka Urundi." Akawaonyesha wageni. "Kwao ni kwa hawa."

Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba mambo hayo hayasemwi mbele ya watu.

"Mkataa kwao mtumwa," Bibi akamjibu.

Nilichungulia. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka ashindwe, na bado nilimwonea huruma. Akamwuliza Bibi yule mama wa Urundi aliitwa nani. Bibi akasema hajui. Kasrini walimpa jina la Kiarabu, la kwao hakuna aliyelishika.

Baba akamgeukia ami mkubwa.

"Mtoto nakupeni," akasema. "Ila mkienda kwenu, niulizieni."

"Tumuulizie nani, mzee?"

Baba hakuwa na jina la kumpa.