Ukanda wa Plastiki Uliodondoka Mbele ya Wakwe

Hili jambo niliapa sitalisema popote, lakini kwa kuwa tayari linasimuliwa Busia nzima, na kila anayelisimulia ananiongezea upumbavu ambao sikuufanya, afadhali nilisimulie mwenyewe na upumbavu wangu halisi, ambao unatosha.

Mimi nina saluni nyuma ya soko, upande wa Uganda. Nina pia gari dogo jeupe la zamani, nililolinunua kwa dalali miaka minne iliyopita, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba lilitoka Japani moja kwa moja, na mwenyewe alikuwa bibi kizee mmoja aliyeliendesha Jumapili tu kwenda kununua mboga. (Dalali hakuniambia hayo. Dalali alisema, "Gari ni nzuri, mama," akahesabu hela zake. Bibi kizee nilimtunga mimi, nikisuka mtu nywele, na kila mwaka nikamwongezea kitu mpaka akawa na paka.)

Basi mdogo wangu Wandera akapata mchumba, msichana wa Mukuju, ikapangwa twende kujitambulisha kwao Jumamosi, gari langu litangulie. Jumatano bodaboda mmoja akanikwaruza mlango wa dereva. Nikampelekea Owor, fundi wa bodi, mtu wa maneno machache. Akautazama ule ukanda mpana wa plastiki unaopita ubavuni kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma.

"Hii lazima itoke kwanza," akasema. "Ukipaka rangi bila kutoa, inaacha mstari. Iko na klipu, iko na gundi, na imezeeka. Inataka polepole. Niachie siku mbili."

"Siku mbili za kubandua plastiki? Owor, mimi nabandua nywele za bandia kila siku na hakuna aliyewahi kutoka kwangu bila ngozi. Nitautoa mwenyewe, kesho nakuletea upake rangi tu."

"Sawa, mama," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayejua utarudi.

Nikavuta waya mrefu wa umeme, nikatoka na draya ya nywele mpaka barabarani, nikaupasha ukanda joto, nikapitisha uzi wa kushonea nywele nyuma yake na kuuvuta huku na huku kama msumeno, huku nikiwaeleza wateja dirishani kwamba mafundi wa bodi wametuibia muda mrefu. Gundi ikaachia. Klipu zikakatika moja baada ya nyingine (nikajiambia hizo zilikuwa za ziada). Ukanda ukatoka mzima mkononi mwangu, na chini yake kulikuwa na mstari wa manjano wenye herufi nyeusi: SHULE YA UDEREVA. MVUMILIE, ANAJIFUNZA.

Nikaketi chini hapo hapo, mgongo nimeuegemeza kwenye maandishi.

"Mbona umekaa?" akaniuliza dirishani Mama Taaka, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu.

"Napumzika."

Nilipumzika saa mbili nzima, kwa sababu Mama Taaka alikuwa anasukwa na msaidizi wangu zile rasta nyembamba.

Mtu mwenye akili angerudi kwa Owor. Lakini Owor anajua kusoma. Kwa hiyo nikachukua gundi ya kubandikia nywele, chupa tatu, nikaurudisha ukanda na kuulalia kwa bega mpaka ukashika. Mkwaruzo nikauacha, maana mkwaruzo una heshima kuliko yale maandishi.

Jumamosi tukafika Mukuju salama. Nikaegesha mbele kabisa ya hema, juani, pale kila mtu angeona, na shangazi wa msichana aliposifia gari nikampa hadithi nzima ya bibi kizee, na paka. Kisha msemaji wetu akasimama, akaanza kueleza jinsi ukoo wetu ulivyo wa watu wa kweli, watu ambao neno lao ni moja, na hapo nikasikia sauti kama ya plasta inayobanduliwa polepole kwenye kidonda. Ukanda ukaning'inia upande mmoja, ukafikiria kidogo, ukaanguka.

Msemaji akageuka kuangalia. Shangazi akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

Baba mdogo wa msichana, mzee Okoth, akainuka kwenye viti vya wenyeji, akalizunguka gari, akafungua mlango wa abiria na kuinua zulia. "Mashimo yake haya," akasema. "Breki yangu ya mwalimu ilikuwa inakaa hapa. Hii gari nimefundishia watu Busia miaka tisa."

"Lakini dada wa bwana harusi amesema ilikuwa ya bibi kizee wa Japani," akasema shangazi.

Mzee Okoth akawaza. "Basi huyo bibi kizee ni mimi."

"Na paka?"

"Paka simjui."

Hema zima likacheka, isipokuwa baba wa msichana. Yeye alingoja kicheko kiishe, akamgeukia Wandera. "Na wewe, hiyo kazi ya kufundisha useremala uliyotuambia, nayo iko?"

Mdogo wangu, ambaye hajawahi kudanganya hata umri wake, ilibidi ampigie simu mkuu wa chuo chake mbele ya watu wote, spika imefunguliwa, mkuu aulizwe kama anamjua. Simu ikaita muda mrefu. Nilitamani ardhi inimeze na gari langu. Mwishowe yule mkuu akapokea, akasema ndiyo, ni mwalimu wake, na angependa kujua kama kuna msiba. Ndipo wakatukubali.

Jioni mzee Okoth aliomba lifti mpaka Tororo. Akakaa kando yangu, na kila kona mguu wake wa kulia ukakandamiza sakafu palipokuwa na breki. "Tazama kioo, mama. Kwanza kioo." Wandera, aliyekaa nyuma, hakunisemesha kwa wiki tatu.

Owor ndiye aliyemaliza kazi. Ilimchukua siku mbili. Siku hizi mtu akiniuliza gari hili lilitoka wapi, najibu kwamba lilikuwa la shule ya udereva hapa hapa Busia, kisha nafunga mdomo, maana najijua: sentensi ya pili ndiyo huniharibia.