Mlinzi wa Mnara Aliyeiona Miguu ya Kongo

Taarifa ya kifo chake ilinikuta kitandani, saa nne asubuhi, saa ambayo wanaume wenzangu wa mtaa wa Rusimbi wameshatoka jasho mara mbili. Aliyepiga simu ni mama mmoja anayeanika dagaa katika kijiji cha mwambao, kaskazini ya bandari ya Kibirizi. "Yule mzee wa mlimani ametutoka," alisema. "Tunamzika kesho, Mwandiga." Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana, maana mimi simtembelei mtu, wanaonisoma humu wanajua kuwa safari yangu ndefu ya juma ni ile ya kutoka chumbani hadi kibarazani. Alikuwa mlinzi wa mnara wa simu uliopo kileleni, juu ya ziwa, na tulijuana kwa ubishi, kwenye benchi la kahawa Ujiji.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Ukisimama ufukweni Ujiji siku ambayo mvua imeosha hewa, milima ya Kongo unaiona kuanzia kiunoni kwenda juu, kama watu wanaooga. Marehemu alidai kwamba yeye, kutoka mnarani kwake, anaiona hadi miguu, hadi pale inapokanyaga maji. Nikamwambia jicho la mtu haliongezeki kwa kupanda mlima. "Ziwa lina mgongo, bwana," akanijibu. "Wewe huku chini umejificha nyuma ya mgongo, utaonaje? Panda juu." Nikamtajia elimu yangu ya kidato cha nne. "Hiyo Jiografia ulisomea kitandani?" akauliza, na benchi zima likaangua kicheko. Nikaapa kwenda kumuumbua.

Siku niliyopanda ndiyo siku mke wangu alikuwa anarudi kwa boti kutoka kwao, alikokwenda kumuuguza mama yake, peke yake, kwa sababu mimi goti lilikuwa linaniuma. Goti hilo halikuniuma nilipokuwa nakwea mlima kwenda kushinda ubishi. Mke wangu ameshaniuliza, msijisumbue. Nilifika juu nahema kama mvukuto, na kweli, Kongo ilikuwa imesimama kwa miguu yake yote miwili. Nikangoja anicheke. Hakucheka. Alikuwa anatazama pembeni, penye wingu jeusi lililokaa kati ya milima miwili ya ng'ambo. "Ulisema shemeji anarudi leo. Yuko boti lipi?" akauliza. Nikamwonyesha kidoa kimoja, mbali, kikifuata ufuko. Nikasema wingu lile liko Kongo, mpaka lifike abiria watakuwa wameshakula mchana Kibirizi. "Ndilo kosa lenu wageni wa huku," alisema. "Mkiwa juu mnaona kila kitu kimesimama. Boti linakwenda, mnaona limesimama. Wingu linakimbia, mnaona limesimama."

Maboti yakipita chini ya milima ya upande wetu hayapati mtandao, kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Akiona hatari, marehemu humpigia yule mama wa dagaa. Mama huwasha moto na kuutupia majani mabichi. Nahodha akiona moshi mweupe, anaingia ufukweni. Tatizo ni kwamba juma lililotangulia alikuwa amewasimamisha bure. Wingu liligeuka, nahodha akashinda mchangani akitukanwa na abiria, na tangu hapo akawa anamwita mganga wa mawingu. Hata hivyo akapiga. Simu ya kwanza iliita hadi ikakatika. Ya pili ikapokewa. "Mama, washa moshi." "Leo tena, mzee? Huku jua linawaka, dagaa wangu ndiyo kwanza wanakauka!" "Washa, mama." "Nahodha amesema ukimsimamisha tena bure, atapanda huko akukate masikio." "Aje ayakate. Washa!" Nikampokonya simu. "Mama, mke wangu yumo humo!" "Wewe ndiye yule mwenye goti?" Nikakiri. "Haya, nawasha."

Moshi ulipanda, mwembamba, halafu mnene. Boti likaufikia. Likaupita. "Anapita," marehemu alisema, na mkono wake ukaukamata waya wa uzio. Maji upande wa Kongo yalikuwa yamebadilika rangi, na ile rangi ilikuwa inakuja. Mimi nilikuwa naona nchi mbili na ziwa zima, na nisiweze kumfikishia mke wangu neno moja. Ndipo kidoa kikafupika. Kiligeuza pua kuelekea nchi kavu. Kabla hakijagusa mchanga, mvua ikafunika kila kitu, ziwa, Kongo, hata geti la mnara. Simu ikawa haitoki. Tulikaa katika kibanda chake tumelowa, na hakunidanganya kwamba wamefika. Alisema tu, "Sijui." Alilirudia kila nilipouliza, nami niliuliza sana. Mvua ilipolegea, mama akapiga. "Wameshuka wote. Dagaa wangu wameharibika, na nahodha anauliza huyo mganga anakula nini, amletee."

Mazikoni nahodha huyo alishika chepe hadi mwisho. Alipokuwa ananawa mikono akaniambia, "Alinisimamisha bure mara nyingi kuliko alivyonisimamisha kwa haki. Zote nilimtukana." Siku hizi mnara una kamera badala ya mlinzi, na kamera, nimeambiwa, inatazama geti. Utabiri unatufikia kwenye simu, wa mkoa mzima, nao ni jambo jema. Lakini mkoa mzima haupandi boti moja. Sisi tunawasifu walio juu kwa kuona mbali, tukidhani ndiyo kazi yao. Hapana. Kuona mbali ni zawadi ya mlima, hata mvivu kama mimi niliipata siku ile kwa nauli ya jasho. Kazi yenyewe ni kuwapigia walio chini, ambao bado wanaota jua, ukijua kwamba wingu likigeuka watakucheka, na juma lijalo kupiga tena.