Saa ya Kilio Nyumbani kwa Nyundo

Fundi tuliyemwita Nyundo alikuwa amenyoosha bodi za magari kwa miaka thelathini na moja, na masikio yake ndiyo yaliyoilipia kazi hiyo. Ukimwita kutoka nyuma, hageuki. Ukitaka akusikie, usimame mbele yake upaze sauti, naye atakujibu kwa sauti kubwa zaidi kana kwamba kiziwi ni wewe. Lakini mikono yake ilisikia. Gari likiletwa limebonyea, alifumba macho akapitisha kiganja juu ya bati polepole, akasema, "Hapa bado," mahali ambapo mimi, mpiga rangi wa gereji hiyohiyo, nilikuwa nimekwisha kuona pamenyooka.

Mwaka huo binti yake wa pekee alirudi kwao na mtoto wa wiki tano, wa kike. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu. Akiondoka, mwezi mzima. Nyumba ikafurahi siku tatu. Siku ya nne, saa kumi na moja jioni, kitoto kikaanza kulia, na tangu hapo hakikukosa hata siku moja. Kilikunja ngumi, kikavuta magoti hadi kifuani, uso ukaiva, tumbo likawa gumu kama ngoma. Kikilia, ni mpaka saa mbili.

Wakampeleka kliniki. Muuguzi akampima homa, akampima uzito, akambonyezabonyeza tumbo.

"Ananyonya vizuri, kilo zinapanda, hatapiki, hana homa," akasema. "Ni gesi, na tumbo la uchanga. Litaisha lenyewe akifika miezi mitatu, minne. Akichemka mwili au akikataa ziwa, mrudisheni siku hiyohiyo. Na msimpe dawa za kuambiwa na majirani."

"Na mpaka hiyo miezi minne ifike?" binti akauliza.

"Mpaka hapo, mama, bebeaneni kwa zamu."

Zamu zikawa za bibi na za mama mtoto. Nyundo zamu yake aliifanyia gereji. Ghafla kila jioni alikuwa na mlango wa kumalizia au boneti isiyofunga sawasawa. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaogopa viganja vyake: sugu juu ya sugu, na makovu ya moto wa kuchomelea. Hata binti yake hakuwahi kumbeba mpaka alipoweza kukaa mwenyewe.

Kisha mkewe akaenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu.

Jioni iliyofuata Nyundo aliporudi, alimkuta binti yake amesimama uani miguu mitupu, kanga inamdondoka, mtoto begani analia, na mama naye analia.

"Baba, mshike."

"Ngoja kwanza, mama yako akirudi..."

"Mama harudi mpaka Jumapili. Mshike, Baba. Nikiendelea naye nitamtikisa."

Sentensi hiyo haikuhitaji kurudiwa. Nyundo akaenda bombani, akasugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwiko, akasugua tena kwa brashi, akabadili shati. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri hukumu. Binti akamwekea mtoto mapajani, akazunguka nyuma ya nyumba, akaketi chini.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba kilio kile kilimwingia mifupani. Mtoto mzima hakuzidi uzito wa betri ya pikipiki, lakini nguvu iliyotoka humo ilimtetemesha mpaka kwenye meno. Alikuwa amekisikia kilio hicho wiki nzima kama mbu wa chumba cha pili. Kumbe!

"Haya, bibie," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akajaribu kusema taratibu. "Tuone panapouma."

Akafumba macho. Akaweka kiganja juu ya lile tumbo, akangoja kipate joto la mwili wa mtoto. Halafu akaanza kuzungusha, kufuata mwendo wa mishale ya saa, bila kukandamiza. Upande mmoja, chini ya kitovu, akakuta mahali pamejaa. Palisogea chini ya vidole vyake, pakarudi. Akamkunja magoti taratibu, akayaegemeza tumboni, akahesabu pumzi tano, akaachia. Akarudia. Mtoto akazidi kulia. Akamlaza kifudifudi juu ya kigasha chake, kichwa karibu na kiwiko, miguu ikining'inia huku na huku, mkono wa pili mgongoni, akaanza kutembea kutoka bomba hadi mlango, mlango hadi bomba.

Dakika kumi. Ishirini. Mgongo wote wa mtoto ulienea kwenye kiganja kimoja. Alihisi mbavu, nyembamba kama njiti, zikipanda na kushuka. Utosini aliona ngozi ikidunda, taratibu, yenyewe, bila kuendeshwa na mtu. Alikuwa ameshika injini za kila namna, hakuwahi kuona kitu kama hicho.

Ndipo tumbo likanguruma juu ya mkono wake, na mtoto akatoa ushuzi wa mtu mzima. Hata yeye aliusikia.

"Baba!" binti akaita kutoka nyuma ya nyumba. "Ni wewe au ni yeye?"

Alipofika akicheka, akamkuta baba yake amesimama wima katikati ya uwanja, machozi yanamchuruzika.

"Sasa wewe unalia nini?"

"Amenilegea," Nyundo akasema. "Mwili wote. Amenilegea mkononi."

Mtoto alikuwa macho. Alimtazama babu yake bila kupepesa, kama anayemkagua.

Binti akakaa kizingitini, akapaza sauti. "Na mimi nilikuwa nalia hivi?"

"Mama yako ndiye ajuaye. Saa kama hii mimi nilikuwa kazini."

"Kazi ilikuwapo?"

Nyundo akampangusa mtoto mdomo. "Siku nyingine haikuwapo."

Binti alimshika baba yake kiwiko, akauacha mkono wake hapo.

Kuanzia kesho yake, saa kumi na nusu alikuwa ameshafunga vifaa. Msidhani alipata dawa. Siku nyingine alitembea saa mbili na gesi isitoke, akamrudisha mtoto akiwa bado analia, shati lote limecheuliwa maziwa. Mkewe aliporudi akamcheka: "Kulea mimba si kazi, mzee. Ndiyo kwanza unaanza shule." Lakini alimwachia zamu.

Mwezi wa nne ukakatika. Jumanne moja saa kumi na moja ikafika, kitoto kikawa kinachunguza vidole vyake. Saa kumi na mbili ikapita.

"Labda amechelewa," Nyundo akasema, na mkewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Alimchukua hivyohivyo, akaketi naye nje. Mtoto akamkamata pua kwa mkono mzima, akaing'ang'ania. Wakakaa mpaka taa za barabarani zikawaka, babu na mjukuu, na kati yao hapakuwa na aliyeumwa popote.