Mkataba wa Virginia

Kabla sijawa yaya Dubai nilikuwa mwalimu wa historia. Miaka sita, katika shule moja ya sekondari huko bara, Kenya, niliwafundisha watoto jinsi Waingereza maskini walivyosaini karatasi, wakapandishwa meli hadi Virginia, kisha wakamtumikia tajiri kwa miaka kadhaa kufidia nauli. Hawakuweza kuoa bila idhini yake, wala kuondoka. Aliyetoroka akakamatwa aliongezewa muda. Nikawaambia wanafunzi walipigie jambo hilo mstari kwa kalamu nyekundu, maana litakuja kwenye mtihani. Baadaye ajenti wa Nairobi aliniwekea mbele karatasi ya miaka miwili, nami nikasaini, tena kwa mwandiko mzuri.

Waajiri wangu walikuwa Wamarekani waliokaa mtaa wa Silicon Oasis. Sir alishinda kwenye kompyuta. Madam alishinda akisimulia kwamba ukoo wake ulifika Amerika na meli za mwanzo kabisa. Alimsimulia fundi wa AC, alimsimulia mleta maji, hata mimi nikiwa nimeinama chini ya kitanda chake na ufagio. Tangu aje Dubai alikuwa ameokota neno moja la Kiarabu, inshallah, na alilitumia kuliko Waarabu wenyewe.

Mkataba wangu uliisha mwezi wa tatu. Mamangu alikuwa mgonjwa nyumbani, na pasipoti yangu ilikuwa kwenye sefu ya sir. Nikamwomba madam pasipoti na tiketi. "Inshallah," akasema. Mwezi wa nne, inshallah. Mwezi wa tano mama alilazwa mara ya pili, nami nikawa nakunja nguo za watu roho ikiwa juu.

Hapo ndipo binti yao wa miaka kumi alipopewa kazi na shule: atengeneze mfano wa kijiji cha kwanza cha Waingereza kule Virginia, kisha aueleze mbele ya wazazi. Madam akanimwagia maboksi na gundi jikoni.

"Haya, wewe si ulikuwa mwalimu?"

Tulijenga ua kwa vijiti vya mishikaki. Madam alitaka nyumba ya babu yake iwe na ghorofa. Mimi nilimweleza mtoto mambo yalivyokuwa: kwamba mabwana wale walitua kwenye kinamasi chenye maji ya chumvi, wakaacha kulima wakatafuta dhahabu. Njaa ilipowabana walikula mbwa, panya na ngozi za viatu. Wenyeji waliwapa mahindi, na walipochoka kutoa, waliporwa. Wazee wetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa kule hawakupona.

Mtoto alicheka sana nilipofika kwenye viatu. Kisha akauliza, "Na watumishi wanalala wapi?"

Nikamkatia boksi dogo. Vipimo nilivitoa kwenye chumba changu, kando ya mashine ya kufulia.

"Wanakaa humo mpaka lini?"

"Mpaka karatasi iishe. Ikiisha, bwana anawapa nguo na mahindi, wanakwenda zao. Ndiyo sheria."

"Na asipowaachia?"

Miaka sita, madarasa ya wanafunzi hamsini hamsini, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Wala mimi sikujiuliza siku ile nikiishika kalamu ya ajenti. Nikamwambia wengine walishtaki. Akaniuliza kama na mimi nina karatasi, na nikamwambia iliisha lini, kwa sababu mwalimu hadanganyi darasani.

Siku ya maonyesho nilipelekwa shuleni ili nibebe kijiji. Mtoto alieleza vizuri, kinamasi, dhahabu, panya, wazazi wakipiga picha. Alipofika kwenye kile kibanda alinigeukia.

"Yaya wangu pia alisaini karatasi. Yake iliisha mwezi wa tatu. Mama, unamwachia lini?"

Kamera zikashuka. Madam alicheka kile kicheko chake cha wageni. "Karibuni tu, mpenzi. Inshallah."

Ningenyamaza kama kawaida yangu. Lakini ualimu haumtoki mtu, na jibu lile halikustahili hata nusu alama.

"Alhamisi au Ijumaa, madam?"

Ukumbi mzima ukamtazama. Mwalimu wa mtoto alikuwa amekunja mikono, naye anasubiri.

"Alhamisi," madam akasema.

Alhamisi nilipewa pasipoti yangu na tiketi, nikapanda ndege nikitabasamu peke yangu. Nilijiona shujaa. Nilijiona nimeshinda ukoo mzima wa meli za mwanzo.

Hospitalini mama alinitambua kwa macho. Kusema alikuwa ameacha wiki moja kabla. Nilimshika mkono, nikamchukia madam, na hadi leo sijamsamehe. Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza, aliniambia kwamba mwezi wa nne na wa tano mama aliongea mchana kutwa, akiuliza nimefika wapi, na wao wakimjibu kwamba niko njiani.