Aliyeliona Kwanza

Mwaka wa vita nilifundisha madarasa mawili, langu na la mume wangu. Yeye alikuwa mwalimu wa sayansi hapa Kasulo. Aliitwa kwenye mgambo akapelekwa vitani, nikabaki na chaki zake na mimba ya miezi minane. Nilichoka hadi hasira zikaniisha, na mimi si mtu wa kuishiwa hasira. Asubuhi darasani, mchana shamba la kijiji pamoja na wanafunzi, jioni kuni na maji. Mtoto alipozaliwa kazi zilibaki zilezile, ila sasa nilikuwa na mzigo mgongoni.

Alikuwa wa kiume, na hakuwa na jina. Katika ukoo wa mume wangu, baba ndiye humpa mtoto jina. Mama mkwe alikuwa Mhangaza, mimi Msukuma wa Shinyanga, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili.

"Subili, mwanangu," aliniambia. "Baba yake akiludi atamwita."

"Na asiporudi, mama?"

Akaendelea kumenya ndizi. Kliniki walimwita mtoto wa mwalimu, basi.

Siku moja betri za redio ya shule, ambazo mwalimu mkuu alizianika juani zipate nguvu za kusikilizia habari za vita, zilitosha hata kusikiliza kipindi cha sayansi katika darasa la mume wangu. Mtangazaji alieleza habari za asteroidi, mawe makubwa yanayozunguka jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Moja lilikuwa limegunduliwa karibuni, upande wa nje wa ukanda huo. Mtaalamu alipiga picha za anga ileile kwa siku tofauti, akaona nukta moja imehama. Jiwe la namna hiyo, alisema mtangazaji, kwanza hupewa namba tu, njia yake ikishajulikana vizuri. Kisha aliyeligundua huchagua jina.

Msichana mmoja, mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama aliyeliona kwanza amekufa?"

Wenzake wakamgeukia. Wote walijua wamekaa katika darasa la nani. Nilimwambia sijui, nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Njiani hasira zilinirudia, na kusema kweli zilinifaa. Mtoto huyu nilimwona mimi kwanza, tena kwa uchungu wangu. Nilimkuta mama mkwe jikoni, nikamtajia jina nililompa mwanangu. Alifuta mikono kwenye kanga, akampokea mtoto, akamwita kwa jina hilo huku analia. Kwake ilikuwa kama nimemzika mwanawe.

Vita ilipokwisha mume wangu alirudi, amekonda, na buti za jeshi miguuni. Kabla hajaketi aliuliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia. Alilirudia jina taratibu, akasema ni zuri. Kisha akainama kufungua kamba za buti, akasema na yeye alikuwa amemchagulia jina tangu siku aliyoondoka, akawa analitaja kila siku handakini.

Nilimwomba anitajie. Mpaka leo hajanitajia.