Pua ya Mtaa Mzima

Mtaa mzima ulimwita Pua, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Tangu ujana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, amezeeka katikati ya mitungi ya gesi, na alipostaafu akaanza kupika bia nyumbani, akichemsha kimea kwenye sufuria kubwa kuliko beseni la kufulia. Majirani wakamwiga. Na kwa kuwa bia inataka moto wa muda mrefu, kila aliyenunua mtungi mpya au kubadilisha mpira wa gesi alimwita Pua aje anuse kabla kiberiti hakijawashwa. Pua alikuwa akiinama mpaka magotini, maana gesi ile ni nzito na hutambaa chini, akavuta pumzi moja, kisha akasema "Washa" au "Usiwashe". Hakuna aliyemuuliza neno la pili.

Kuna mpangaji mgeni aliwahi kumuuliza kwa nini wasipake tu povu la sabuni kwenye maungio, kama mwenye duka la gesi anavyoelekeza. "Sabuni ni ya wasio na pua," Pua alimjibu, na watu wakacheka mpaka maneno hayo yakawa msemo wa mtaa. Mwenyewe aliyarudia kila alipopata nafasi, na nafasi hakuzikosa.

Halafu yakaja mafua. Si yale ya kupiga chafya mbili tatu na kunywa chai ya moto. Yalimlaza kitandani, yakamkausha mwili, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Aligundua siku mkewe alipotoka uani mbio, akakuta maziwa yameungua na sufuria imekuwa nyeusi, na mumewe kakaa hapo hapo kando ya jiko anakata kucha.

"Baba nanihii, umelala macho wazi?"

"Nilikuwa nawaza," alisema.

Kweli, tangu dakika hiyo alianza kuwaza. Mkewe alipotoka, alinusa kitunguu. Akanusa mafuta ya taa. Akanusa hata soksi zake, zile ambazo mkewe alisema zinaweza kumwamsha mgonjwa wa hospitali. Patupu. Ni kama kunusa ukuta.

Hapo ndipo alipopaswa kusema ukweli, na msimulizi huyu hamtetei. Lakini mwambie mtu aliyezoea kuitwa mbio, kuwekewa kiti na kusubiriwa kwa heshima, kwamba sasa akae barazani kama wastaafu wengine aulizwe hali ya magoti. Pua alifunga mdomo. Nyumbani kwake alianza kupaka povu la sabuni kwa siri, kutoka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi alichokificha mfukoni. Kwa majirani aliendelea kuinama, kuvuta pumzi na kusema "Washa", baada ya kukagua mpira na vibano kwa macho makali. Macho ya fundi yanatosha, alijiambia. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema.

Maana hakutulia. Akitoka kwa jirani, jioni alirudi kupita mbele ya nyumba ile ile, eti anasalimia, kumbe anatazama kama paa bado lipo. Usingizi ulimkimbia. Chakula alikidonoa. Mkewe akamwambia, "Siku hizi unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Taga basi tupumzike." Pua akacheka kicheko kifupi, akatoka tena.

Ndipo bintiye alipomwita. Binti huyo aliishi mitaa michache kutoka hapo, yeye na mama wa mumewe, kwa kuwa mume alikuwa kazini mbali. Ufundi wa bia alijifunza kwa baba yake, na sasa alikuwa amenunua jiko kubwa na mtungi mzito, akaviweka kwenye stoo ya nyuma yenye dirisha moja dogo.

"Baba, siwashi mpaka uje unuse," alisema kwenye simu.

Pua alikuta wanamsubiri. Mkwe wake, yaani huyo mama wa mume, alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani kwa ajili ya shughuli hiyo. Pua aliamuru dirisha lifunguliwe lote, mtungi usimamishwe wima mbali na jiko, na magunia ya kimea yahamishwe. Hayo aliyasema kwa sauti ya kazi, na yote yalikuwa kweli. Kisha binti akafungua mtungi.

"Haya mkwe," mama yule alisema akitabasamu, "tuoneshe hiyo pua tunayosimuliwa."

Mkono wa Pua uliingia mfukoni, ukagusa kichupa. Angekuwa peke yake na mwanawe, labda. Lakini binti alikuwa anamtazama mama mkwe wake kwa jicho la kusema, huyo ndiye baba yangu. Mkono ukatoka mtupu. Akainama mpaka magotini, akavuta pumzi ndefu, akakagua kibano cha mpira. Kimekaza. Mpira mpya. Wanawake wote wawili walikuwa kimya, naye akaufasiri ukimya huo kuwa ni heshima.

"Washa," alisema.

"Sawa," binti alijibu baada ya kusitasita. "Nimalizie kuosha sufuria kwanza."

Chai aliikataa, jambo ambalo si desturi yake. Alitembea kurudi kwake, akampita fundi saa wa mtaa bila kumwitikia salamu, akafika langoni, akashika komeo na kuganda hapo. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua na si mpira wala kibano. Ni ule uso wa mwanawe. Binti alifungua mdomo kabla ya kusema "sawa", akaufunga. Mtoto yule hajawahi kumeza neno tangu alipojifunza kusema.

Aligeuka. Mwanzo alitembea, kisha akaharakisha, kisha mzee mzima akatimua mbio katikati ya barabara, kandambili moja mguuni na nyingine hajui imebaki wapi. Watu wakamwita, "Pua, kuna nini?" Hakumjibu mtu.

Alimkuta mwanawe stoo, sufuria imeshabandikwa jikoni, kiberiti mkononi.

"Usiwashe. Kiweke kiberiti chini, utoke. Taa usiiguse."

Binti alitoka. Pua akaufunga mtungi, akaacha mlango na dirisha wazi, akasimama uani akihema huku mkwe wake akimletea maji ambayo hakuyanywa. Hewa ilipopita vya kutosha, alirudi ndani, akatoa kichupa mfukoni mbele ya macho yao wote wawili, akapaka povu kila mahali, akafungua mtungi kidogo sana. Kwenye mpira, kimya. Kwenye kibano, kimya. Pale regyuleta, kile kichwa cha kushikia mpira, inapokalia mtungi, povu lilivimba, likapasuka, likavimba tena. Akafunga, akaichomoa regyuleta. Kile kipete cha mpira cha ndani kilikuwa na ufa, mahali ambapo jicho la fundi lisingefika.

"Kwa hiyo ilikuwa inavuja," binti alisema taratibu. "Niliisikia harufu, baba, pale pale ulipokuwa umeinama. Uliposema washa, nikajua pua yangu ndiyo mbovu."

"Hata mimi niliisikia," mkwe alisema. "Ilinichoma mpaka kooni. Ila nani abishane na Pua? Tena mkwe wangu?"

Pua akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na hofu kubwa zaidi, na ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Ni mimi peke yangu ambaye sikuisikia. Tangu yale mafua sisikii harufu ya kitu chochote."

"Ungeniua," binti alisema, bila kupaza sauti.

"Najua, mwanangu."

"Na wengine? Tangu yale mafua umeshawanusia akina nani?"

Alianza kuwataja. Fundi saa. Yule dereva aliyehamia juzi. Mama wa ghorofani, anayepika bia chumba hicho hicho wanamolala wanawe. Binti hakungoja amalize. Alikinyakua kichupa, akakijaza povu jipya kutoka kwenye karai la vyombo, na mkwe alikuwa tayari mlangoni amevaa viatu.

Walianza na mama wa ghorofani. Ngazi alizipanda Pua mbele, na mlango aliugonga mwenyewe.

"Nani?"

"Ni mimi. Siku ile nilikudanganya, mama, sikunusa kitu. Zima jiko kwanza, halafu unifungulie."